Kiti Kikaliwe Kabla ya Kulipiwa

Tangu Mkoa wa Katavi ulipomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012 na Mpanda ikafanywa makao makuu yake, mji huu haujapumzika kujenga; na mtu aliyeufahamu zamani kuwa ni kituo cha mwisho cha reli ya kutoka Kaliua, reli iliyofunguliwa mwaka 1950 kwa ajili ya kusafirisha madini ya risasi ya mgodi wa kampuni ya Uruwira, leo akipita Makanyagio, Ilembo au Nsemulwa ataona kuta mpya, madirisha ya alumini, vigae vinavyong'aa na malango ya chuma kila upande anaoelekeza uso wake. Naufurahia ujenzi huo kwa moyo wangu wote, wala sina nia ya kuutia dosari. Lakini ninalo neno kwa wale wanaoagiza, wanaotengeneza na wanaopokea vitu vya kutumiwa na watu, nalo ni kwamba tumezoea kuvipima vitu hivyo kwa jicho na kwa futikamba, tukausahau mwili, ilhali mwili ndio utakaoishi navyo.

Chukua benchi la kungojea, kitu ambacho ni nadra kukikosa katika ofisi, zahanati au stendi yoyote. Aghalabu huundwa kwa vyuma vya pembe na mbao mbili, hupakwa rangi ya buluu au ya kijivu, hupangwa ukutani kwa mstari ulionyooka, na siku ya kukabidhiwa hupendeza katika picha. Kaa juu yake kwa muda wa saa moja, maana wengi hungoja zaidi ya hapo, kisha uusikilize mwili wako. Ubao ni mwembamba, kwa hiyo mapaja hubebwa nusu na nusu iliyobaki huning'inia. Ukingo wake haukupigwa randa, kwa hiyo hubana nyuma ya goti mpaka mguu ukafa ganzi. Kimo chake kimezidi, kwa hiyo mwanamke mfupi hakanyagi chini ila kwa ncha za vidole. Na ukuta uliokusudiwa kuwa egemeo uko mbali kwa kadiri ya shubiri moja, kwa hiyo anayeuegemea hana budi kuteleza mbele hata kiuno kikapinda. Katika ofisi moja ambayo sina haja ya kuitaja nilimwona mama mjamzito akihama upande huu na upande huu wa benchi jipya la namna hiyo, akisimama, akiketi tena, mwisho akatandika kanga yake sakafuni, akakaa chini, akanyoosha miguu, na uso wake ukatulia. Hakumlaumu mtu. Hukumu yake alikwisha kuitoa kwa mwili, ila hapakuwa na karani wa kuiandika.

Sasa nenda sokoni mwezi wa Novemba, mvua za kwanza zinapoanza kunyesha na wakulima wa Mwamkulu na Kakese wanapotengeneza zana zao, ukamtazame mtu anunuaye mpini wa jembe. Huyu hanunui kwa macho matupu. Huukamata mpini kwa mikono miwili na kuuzungusha taratibu, viganja vikitafuta kila fundo na kila ukwaru uliosalia. Huuinua usawa wa jicho kuona kama umenyooka. Huupandisha juu ya bega na kuushusha hewani, akabaki kitambo katika ule mpindo ambao atakuwa nao kutwa nzima shambani, akisikiliza kama mgongo umeridhia au unanung'unika. Akiona kasoro humrudishia fundi, na fundi, kwa kipande cha chupa iliyovunjika, hukwangua pale tu ambapo mkono wa kulia utakaa, akampa tena, akakwangua tena, pasipo hata mmoja wao kutaja sentimita. Kadhalika lile tundu la kupitisha mkia wa jembe katika kichwa cha mpini, ambalo hutobolewa kwa chuma kilichotiwa motoni, halitobolewi ovyo. Likipotoka upande huu, jembe huparuza udongo bila ya kuuma. Likipotoka upande wa pili, huzama na kumlazimu mkulima alivute kwa nguvu za kiuno. Tofauti yenyewe haizidi upana wa kidole, nayo ndiyo huamua iwapo mtu atarudi nyumbani jioni akiwa amechoka uchovu wa kawaida au akiwa ameumia.

Watu wale wawili, mnunuzi na mchongaji, wanafanya usanifu wa daraja ya juu, nao hawajui kwamba wanastahili jina hilo. Wala kazi yao si ya manufaa peke yake. Mpini uliopatana na mkono wa mwenyewe huleta furaha ambayo ni haki kuiita furaha ya uzuri: pumzi hushuka pamoja na jembe na kupanda pamoja nalo, mabega huacha kukakamaa, kazi hupata mahadhi yake, na baada ya misimu miwili jasho na udongo huupa mti ule mng'ao ambao hakuna vanishi iwezayo kuuleta, hata mwenyewe akaona tabu kumwazima jirani. Mgeni akiniuliza uzuri wa Katavi uko wapi, nitampeleka kwa taadhima kwenye viboko wa Ziwa Chada na kwenye mbuga za mto Katuma, kwa sababu hizo ni neema za Mwenyezi Mungu zisizo na mfano. Lakini kabla ya kuondoka mjini nitamwomba akamate mpini mmoja uliochongwa vizuri, aupime kwa kiganja, apate kujua kwamba watu wa hapa nao wana sanaa yao na kwamba sanaa hiyo hukaa mkononi.

Wako wataalamu wa mbali waliolifikia jambo hili kwa njia ya vitabu. John Dewey, mwanafalsafa wa Marekani, alieleza katika kitabu alichokitoa mwaka 1934 kwamba chimbuko la sanaa tusilitafute katika majumba ya makumbusho bali katika maisha ya kila siku ya kiumbe hai anayetenda na kutendwa. Mmarekani mwenziwe wa zama zetu, Richard Shusterman, katika miaka ya 1990 akapendekeza iwepo elimu mahususi inayouchukua mwili wenye hisia kuwa chombo cha kutambua uzuri na cha kuuumba, si sura ya kutazamwa tu. Naye Kristina Höök, profesa wa Stockholm huko Uswidi, ameiingiza elimu hiyo katika karakana: kabla ya kuchora chochote, yeye na wenzake hulala sakafuni wakafanya mazoezi ya taratibu mno yaliyoasisiwa na Moshe Feldenkrais, wakiuangalia mwili kiungo kwa kiungo, ubavu wa kulia unavyogusa chini na wa kushoto unavyogusa, mpaka wakazijua tofauti ambazo mtu mwenye haraka hazijui. Miongoni mwa vitu walivyovitengeneza umo mkeka unaopasha joto sehemu moja moja ya mwili ili aliyeulalia apeleke fahamu zake mahali hapo, na taa ambayo nuru yake huongezeka na kupungua kwa kuifuata pumzi ya mtu. Kitabu chake juu ya kazi hiyo kilitoka mwaka 2018.

Nazisoma habari hizo kwa heshima, na huzuni kidogo hunipata, kwa kuwa maarifa wanayoyatafuta mabingwa wale kwa bidii kubwa sisi tunayo sokoni, lakini tunayatupa mara tu kitu kinapoacha kuwa cha mtu na kuwa cha watu. Mkulima yuleyule aliyeukataa mpini mara tatu kwa sababu ya fundo dogo atakaa katika kamati ya shule na kupokea madawati mia pasipo kuketi juu ya hata moja. Sababu yake haifichiki. Mpini anaununua kwa fedha yake na atautumia mwenyewe. Dawati limelipiwa na mfuko wa mbali, limechorwa na mtu asiyemjua, na litakaliwa na mtoto ambaye hakuulizwa. Mahali ambapo mnunuzi si mtumiaji, mwili hukosa wakili.

Tena kuna jambo la pili, nalo ni zito zaidi: mwili huzoea dhiki. Mtu aliyekaa miaka kumi juu ya kiti kibaya hahisi tena ubaya wake. Anahisi tu kwamba jioni mgongo unauma, akasema ni uzee. Basi hisia za mwili, ingawa ni shahidi mwaminifu, ni shahidi wa kuulizwa kwa utaratibu, wala hazisemi zenyewe kila wakati. Kuziuliza si kazi ngumu. Ewe msomaji, popote ulipoketi sasa, weka gazeti chini kwa dakika chache, uanzie na nyayo: je, zimekanyaga sawasawa, au kisigino kimoja kinaelea? Panda magotini, panda mapajani, utambue uzito wako umeangukia wapi hasa. Uangalie kama mabega yamepanda bila ya kuamriwa, kama meno yamebanwa, kama pumzi inafika tumboni au inaishia kifuani. Kisha hamia kiti kingine, au kaa chini juu ya jamvi, ukaulize tena maswali yaleyale. Atakayefanya hivyo kwa insafu atagundua kwamba viti viwili vinavyofanana machoni havifanani kabisa mwilini, na kwamba kimoja kilikuwa kikimtoza ushuru kila siku bila ya kumpa risiti. Fanya vivyo hivyo kwa kitasa cha mlango, kwa mpini wa kisu, kwa ndoo unayoinua kisimani, kwa bomba la mkono ambalo mpini wake humlazimu mtoto kuruka ili kuushusha.

Hapo lazima tuulize pia: ni mwili wa nani? Maana fundi wetu wa kuchomelea au wa mbao aghalabu ni kijana mwanamume, mwenye afya, mwenye miguu mirefu, na hata akikijaribu kiti kwa uaminifu wote, atakuwa amekijaribu kwa ajili ya watu wa namna yake. Bibi mwenye magoti yaliyokauka, mtu atembeaye kwa magongo, mama aliyebeba mtoto mgongoni na mwingine tumboni, hao wana habari ambazo fundi hawezi kuzipata kwa kufikiri. Mfano mzuri tunao hapa kwetu, katika ufugaji wa nyuki. Misitu ya miombo ya Inyonga na Mlele imetoa asali tangu zama za wazee, na mzinga wa asili wa gome au wa gogo hutundikwa juu mtini, mbali na nyegere, mahali pa kupandiwa kwa kamba usiku, moshi machoni na uzito mabegani. Ni chombo cha ustadi mkubwa, na mtu aliyekibuni alimjua nyuki vizuri sana; lakini kilibuniwa kwa mwili wa mwanamume apandaye miti, na kwa hiyo mwanamke na mzee walibaki nje ya kazi hiyo, mbali na madhara kwa mti wenyewe, ambao ukichunwa gome kuzunguka shina hufa. Ulipokuja mzinga wa sanduku wenye vijiti juu, unaoning'inizwa kwa waya kwa kimo cha kiuno au kifua, mwanamke akaweza kusimama mbele yake kwa miguu miwili, akainua kijiti kimoja kimoja, akaona asali iliyoiva na isiyoiva. Kilichobadilika ni kimo, na kwa kubadilika kimo ukafunguliwa mlango wa riziki. Sisemi kwamba mzinga wa zamani hauna uzuri wake. Nasema kwamba kila kipimo cha kitu kina mtu anayemkaribisha na mtu anayemfukuza, hata kama aliyekipima hakukusudia.

Turudi shuleni. Mwaka 2016, elimu bila malipo ilipoanza na watoto wakajaa madarasani, nchi nzima iliingia katika kampeni ya madawati, na ilikuwa kampeni ya heri, kwani mtoto anayekaa sakafuni kwenye vumbi hakai mahali pa staha. Lakini tulihesabu idadi na hatukuhesabu miili. Madarasa mengi yalipata dawati la watu watatu lililofungamanishwa na kiti chake, lenye kimo kimoja kwa mtoto wa miaka saba na kwa kijana wa darasa la saba ambaye sauti yake imekwisha kuvunjika. Huyu wa kwanza miguu yake huning'inia, kidevu chake kiko karibu na meza, na anaandika huku bega limepanda hadi sikioni. Yule wa mwisho magoti yake hayaingii chini. Yule wa katikati hawezi kutoka mpaka mwenzake asimame. Mwalimu huona utukutu, akaamuru watoto watulie, na mimi nadhani sehemu kubwa ya utukutu ule ni mwili unaotafuta nafuu.

Juu ya kichwa chao liko bati lisilo na dari. Ngozi nayo ni mwili, na sikio ni mwili. Mwezi wa Oktoba, mvua ikiwa bado mbali, joto la bati hushuka juu ya watoto tangu saa tano, wakalegea. Na mvua ikija, kelele yake huwa kubwa hata mwalimu akanyamaza na kungojea, kipindi kikapita. Sitaki kuyatukuza mapaa ya nyasi kupita kadiri: huvuja, hushika moto, na mchwa huyapenda. Bali nasema kwamba waliojenga kwa udongo na nyasi walijua mtu anavyosikia akiwa ndani, na waliojenga kwa bati wamejua mvua inavyozuiwa, na elimu ya kwanza haikustahili kupotea ilipopatikana ya pili. Kule pwani wazee walilielewa hili barabara. Nani aliyepata kupita katika Mji Mkongwe wa Unguja asiyeijua baraza, lile tuta la mawe lililojengwa mbele ya nyumba, kwa kimo kinachompokea mtu bila ya kumwangusha, pana kiasi cha kukunja mguu mmoja, lenye ubaridi wa chokaa alasiri jua linapokuwa nyuma ya kuta? Pale watu hukaa saa nyingi, wakanywa kahawa, wakapatana na wakasuluhishwa, kwa sababu waashi waliwapa wapita njia mahali ambapo mwili hauna haraka ya kuondoka. Benchi langu la chuma na mbao mbili haliwezi kuzaa mazungumzo ya namna hiyo, kwa kuwa kila aliyelikalia anawaza kuondoka.

Najua jibu nitakalopewa. Nitaambiwa kwamba nchi ina mahitaji makubwa, kwamba raha ya kukaa ni anasa ya matajiri, na kwamba kwanza tupate madawati, uzuri utafuata. Nawauliza wenye jibu hilo wakumbuke barabara. Kabla ya lami, msafiri wa kutoka Tabora kuja Mpanda kupitia Sikonge, Koga na Inyonga alifika mwili umevunjika, vumbi limejaa mapafuni, na katika masika alikuwa hana hakika ya kufika. Lami ilipotandikwa, watu waliijua kwanza kwa mwili: shingo iliyokuwa imekaza ikalegea, mtoto akalala mapajani mwa mamaye, mgonjwa akavumilia safari. Hapana aliyesimama siku ile akasema kwamba raha ya abiria ni anasa. Sote tulishukuru, na tulikuwa na haki. Basi kwa nini mwili unaostahili heshima ndani ya basi uvuliwe heshima hiyo ukishuka na kuingia katika chumba cha kungojea?

Waama, gharama yenyewe ni ndogo. Kuchonga ukingo wa ubao ni kazi ya randa ya dakika chache. Kupunguza miguu ya benchi ni kutumia chuma kidogo zaidi, si kingi. Mninga wa misitu yetu, unaosifiwa na mafundi mbali na mipaka ya mkoa, hulainika na kupokea umbo la mwili kwa wepesi, nao tunausafirisha ukiwa mbao ghafi huku tukikalia vyuma. Kinachokosekana ni desturi ya kujaribu, na desturi haiagizwi kwa zabuni.

Kwa hiyo naziomba halmashauri zetu, Manispaa ya Mpanda ikiwa ya kwanza na Nsimbo, Tanganyika, Mlele na Mpimbwe zikiifuata, zitie sharti jepesi katika kila zabuni ya samani na majengo: kwamba mkandarasi alete kwanza kimoja cha mfano, kikae mahali pake juma zima, kitumiwe na watu watakaokitumia, na kamati ya mapokezi isikilize kauli zao kabla ya kutia sahihi. Dawati likaliwe na mtoto wa darasa la kwanza na mtoto wa darasa la saba, kipindi kizima, wakiandika. Benchi la zahanati likaliwe na mama mjamzito na mzee. Mpini wa bomba ushushwe na binti wa miaka kumi, maana aghalabu ndiye atakayetumwa maji. Walimu wa vyuo vya ufundi nao wawafundishe vijana kufumba macho na kukigusa kitu walichokitengeneza kabla ya kukipaka rangi, kwa sababu rangi huficha mengi.

Nawe mjumbe wa kamati, siku utakapoitwa kupokea vitu vipya na ukakuta vimepangwa vizuri kwa ajili ya picha, vuta kimoja, ukikalie mpaka hotuba ziishe, na ukiona mwili wako umekikataa, usitie sahihi.